Kutoka kichwani hadi mlangoni: shajara ya siku 90

Kabla ya siku ya kwanza

Nina umri wa miaka 38. Ni miaka miwili sasa tangu daktari wa magonjwa ya akili aniambie kuwa nina ADHD, hali ya ubongo inayogusa umakini, utulivu na uwezo wa mtu kujizuia. Kabla ya hapo nilikuwa na majina mengine: mvivu, mzembe, asiyejali.

Siku ile daktari hakuanza na mimi wa leo, alianza na mimi wa utotoni. Mwongozo wa uchunguzi unaojulikana kama DSM, toleo la 5 lililotoka mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya mtu kutimiza miaka 12, tena katika sehemu zaidi ya moja ya maisha yake. Dalili ziko katika makundi mawili, la kukosa umakini na la kutotulia na kutojizuia, na mtoto anahitaji kuwa na dalili 6 au zaidi kati ya 9 za kundi moja. Kuanzia miaka 17 zinatosha 5. Mama yangu alikuwa ametunza ripoti zangu zote za shule kwenye bahasha ya kaki. Tulizitandaza mezani. Miaka mitatu mfululizo, walimu watatu tofauti, na maneno karibu yaleyale: ana uwezo, ila akili yake haikai darasani. Mama alizisoma tena zote kimya, kisha akasema, "Mwanangu, tulikuchapa bure."

Lakini kujua jina la jambo hakukunifanya niwahi kazini. Nilisoma sana miaka hii miwili, na kila nilichosoma nilikijua zaidi bila kukitenda zaidi. Kilichonizindua ni hoja ya Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeitafiti hali hii kwa miongo mingi. Anasema shida yetu haiko katika kujua la kufanya. Iko katika kulifanya lile tunalolijua. Kwa hiyo msaada uwekwe palepale na wakati uleule tendo linapotakiwa. Ushauri nilioupata Jumamosi nikiwa nimetulia haunifikii Jumatatu saa 1 asubuhi mlangoni.

Ndiyo asili ya mradi huu. Kwa siku 90, kila ninachokitegemea kichwa kukikumbuka nitakitoa nje na kukiweka mahali ambapo jicho au mkono utakigusa. Nitapima vitu vitatu tu kwa mistari ya penseli: kutoka nyumbani kwa wakati, kumaliza angalau kazi moja niliyoianza siku hiyo, na mara ninazomkatiza mtu maneno au kumfokea. Wiki mbili za kupima bila kubadilisha chochote zimekwisha. Katika asubuhi 10 za kazi, nilitoka kwa wakati mara 2.

Siku ya 1

Nimeanzia mlangoni, maana ndiko siku yangu inakoharibikia.

Nieleze asubuhi ya leo jinsi ilivyokwenda kabla sijapiga misumari. Nimechukua mkoba. Nimekumbuka funguo, nikarudi chumbani. Kitandani nimekuta shati linalotaka kifungo, nikaanza kutafuta sindano. Kwenye droo ya sindano nimeona chaja ya simu iliyopotea tangu mwezi uliopita, nikaenda kuijaribu. Simu ilipowaka nikasoma ujumbe, nikaujibu. Mke wangu akapita akauliza, "Bado upo?" Nimetoka nimechelewa dakika 35, bila funguo, na shati bado halina kifungo.

Hakuna hatua hata moja hapo niliyoifanya kwa kutojali. Kila moja ilikuwa na sababu yake. Kilichokosekana ni kile kibao cha ndani kinachoshikilia "nafuata funguo" wakati macho yanaona kitu kingine. Wataalamu wanakiita kumbukumbu ya kufanyia kazi. Changu hufutika mtu akipiga chafya.

Jioni nimepigilia kulabu 3 kwenye fremu ya mlango, kwa ndani, usawa wa macho: funguo, kitambulisho, mkoba. Juu yake karatasi yenye maneno matano: funguo, simu, kitambulisho, daftari, dawa. Chini yake kiti kimoja, na shati la kesho limetundikwa hapo likiwa na vifungo vyote.

Siku ya 4

Mara 3 kati ya 4. Furaha niliyonayo ni kubwa kuliko jambo lenyewe, lakini naiandika hivyohivyo ilivyo.

Siku ya 9

Leo ni habari ya muda, na hapa sitaharakisha, maana watu wanaonipenda wameumizwa zaidi na hili kuliko lolote.

Kwangu jambo la kesho kutwa na jambo la mwaka ujao huwa na umbali uleule. Yote mawili "bado". Halafu ghafla moja linakuwa "tayari limepita". Mke wangu anaweza kukaa na kuhisi kwamba imebaki kama robo saa. Mimi sina hisia hiyo, ni kama mtu anayeulizwa kulikuwa na harufu gani wakati pua imeziba. Kwa miaka mingi aliamini nachelewa kwa sababu hanihusu. Sasa anajua sababu, lakini kujua hakumpunguzii kusubiri.

Siku tano zilizopita nimefanya zoezi: kabla ya kila shughuli naandika nadhani itachukua dakika ngapi, kisha napima. Kuoga na kuvaa, nilidhani 10, ni 27. Kujibu barua pepe moja ya mteja, nilidhani 5, ni 22. Kuosha vyombo, kazi niliyokuwa nikiikwepa kwa kudhani inakula saa nzima, ni 11. Hii ya mwisho imenishangaza kuliko zote. Nimekuwa nikiogopa dakika 11 kila usiku kwa miaka.

Nimenunua kipima muda cha mezani chenye sahani nyekundu inayopungua kadiri dakika zinavyokwisha. Sisomi namba, naona wekundu unavyonyauka. Simu ina kipima muda pia, lakini nikiifungua kutazama dakika natoka humo baada ya nusu saa nikiwa nimesoma mambo mengine kabisa. Kifaa kinachofanya kazi moja kinanifaa zaidi kuliko kinachofanya mia.

Siku ya 16

Nimegundua kitu kidogo katika lugha yetu ambacho kimenisaidia kuliko programu zote nilizowahi kupakua.

Mwaka 1999 mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika juu ya mipango ya "ikiwa hili, basi lile": mtu anafunga nia yake kwenye tukio mahususi badala ya kuiacha ielee. Tafiti zimeonyesha kwamba nia iliyofungwa hivyo hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu, na baadhi zilifanywa kwa watoto wenye ADHD. Niliposoma hilo nikafungua madaftari yangu ya zamani. Kila ukurasa umejaa "nitajitahidi", "nitaanza", "nitakuwa makini". Hiyo "nita" haina mlango wa kuingilia. Haisemi lini, wala wapi.

Sisi tuna "ki". Silabi moja tu katikati ya kitenzi, na masharti yamekamilika. *Nikivua viatu, natundika funguo. Nikikaa kwenye dawati, nafungua ripoti kabla ya barua pepe. Nikihisi mkono unaelekea simu, nashika penseli.* Nimeandika saba za namna hiyo kisha nimefuta nne, maana saba siwezi kuzibeba. Kila moja imebandikwa mahali pake: ya viatu iko juu ya rafu ya viatu, ya dawati iko kwenye kona ya kioo cha kompyuta.

Nilichojifunza kwa makosa ya siku mbili za kwanza: tukio la upande wa "ki" liwe kitu kinachoonekana au kinachoguswa. Niliandika "nikipata nafasi, nalipa bili". Nafasi haina umbo. Haikuja.

Siku ya 25

Kurasa za siku ya 18 hadi ya 24 ni tupu.

Naandika ilivyokuwa. Ilifika bahasha kutoka ofisi moja, ya hati ninayotakiwa kuijaza na kuirudisha ndani ya siku 30. Niliiweka juu ya friji ili nisiisahau. Sikuisahau hata saa moja. Kila nilipopita niliiona, na kila nilipoiona kifua kilibana, nikaangalia kando. Siku ya pili kuiona kuliambatana na aibu ya jana. Siku ya tano nilianza kuzunguka jikoni kwa upande wa pili. Na kwa kuwa sikuweza kuandika kwenye shajara kwamba sijafungua bahasha, nikaacha kuandika shajara.

Watu hudhani sisi tunasahau tu. Kuna kukumbuka kunakolemaza.

Nimeweka kanuni mpya: siku zilizoachwa hazijazwi. Ninapiga mstari mmoja, naandika tarehe ya leo, naendelea. Zamani ningetaka kuzijaza zote kwa mpigo, ningeshindwa, na daftari lingeishia uvunguni na wenzake. Nimeupiga mstari. Bahasha bado iko juu ya friji.

Siku ya 31

Nimetoka kwa daktari. Amepima shinikizo la damu na mapigo ya moyo kama kawaida, ameuliza kuhusu usingizi na hamu ya kula, amebakiza kipimo cha dawa kilekile.

Natumia methilfenidati. Haikutungwa jana: ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, na jina la biashara la Ritalin linatokana na jina la mkewe, Rita. Kazi yake, kwa maneno mepesi, ni kuzuia dopamini na noradrenalini, kemikali zinazobeba ujumbe kati ya seli za ubongo, zisirudishwe haraka kwenye seli zilikotoka, ili zikae kwa muda zaidi zikifanya kazi, ikiwemo kwenye sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kupanga na kujizuia. Si kila mtu mwenye ADHD anaitumia, si kila mtu inamfaa, na mimi sitampa mtu kidonge changu hata akinisihi. Ni jambo la mtu na daktari wake.

Naandika tu inavyokuwa kwangu. Haijanipa bidii, haijanipa furaha. Imenipa kitu chembamba sana, kama upana wa pumzi moja, kati ya kutaka kufanya jambo na kulifanya. Bila dawa mkono unafika kabla yangu. Nikiwa nayo naweza kuuona mkono ukienda. Lakini pumzi hiyo ikikuta hakuna kitu mbele yake, hakuna karatasi mlangoni wala wekundu mezani, nitaitumia kwa umakini uleule kupanga upya picha za simu kwa saa tatu. Imenitokea.

Siku ya 38

Bahasha imefunguliwa. Dada yangu ndiye aliyeifungua, akiwa mbali.

Nilimpigia kwa video, nikamwambia kila kitu pamoja na ile habari ya kuzunguka jikoni. Hakunipa ushauri. Akasema, "Kaka, niweke hapo mezani, mimi nina nguo za kukunja. Wewe fanya yako, mimi nafanya zangu, tusiongee." Nikaegemeza simu kwenye kikombe. Nilisikia nguo zikipigwa-pigwa na kukunjwa. Nikachana bahasha, nikatandaza hati, nikawasha kipima muda dakika 25. Kurasa 4, maswali 19, saini 2. Wekundu ulikuwa haujaisha nilipomaliza. Nikainua kichwa kumwambia, nikakuta yeye anakunja shuka huku akiwa ameuma ncha moja kwa meno, nikasubiri amalize.

Wengi wenye hali hii huita hivyo kufanya kazi na mwenza. Sijaona maelezo ya kisayansi yaliyoniridhisha ya kwa nini uwepo wa mtu mmoja kimya unatosha, ila kwangu umetosha. Tumepanga kila Jumatano usiku.

Siku ya 47

Hili ni gumu kuliko bahasha.

Binti yangu ana miaka 9. Jana alikuwa ananisimulia mchezo wao wa shuleni, mrefu, wenye sheria zinazobadilika kila anapozikumbuka. Nilimkatiza mara ya kwanza kuuliza swali. Mara ya pili kummalizia sentensi. Mara ya tatu kulikuwa na kelele ya redio, kulikuwa na simu inayoita, na nilifoka, "Basi, nimeelewa!" Akafunga mdomo. Hakulia. Aliangalia kidole chake, akaanza kubandua rangi iliyoganda kwenye ukucha.

Katika zile dalili 18 za mwongozo hasira na mihemko havimo kama kigezo. Ila mtu yeyote aliyeishi na hali hii, na wataalamu wengi wanaoitibu, watakuambia kwamba breki inayoshindwa kuuzuia mkono ndiyo hiyohiyo inayoshindwa kuuzuia mdomo. Inaeleza jambo. Haimrudishii mtoto hadithi yake.

Nilikaa chini, macho yangu yakawa usawa wa yake, nikamwomba radhi. Nikamwambia kichwa changu kinakimbia na wakati mwingine kinamkanyaga mtu, na kwamba kumkanyaga mtu ni kosa hata kama hukukusudia. Akafikiri. Akasema, "Na mimi cha kwangu kinakimbia, Baba."

Sijalala vizuri. Tafiti za mapacha huonyesha kuwa urithi unaeleza kati ya asilimia 70 na 80 ya tofauti baina ya watu katika ADHD, na mimi takwimu hiyo naijua kwa moyo tangu mwaka juzi. Lakini sitampa mwanangu jina kwa sentensi moja ya jioni. Nimezungumza na mama yake. Tutaangalia, tutamuuliza mwalimu wake anaonaje, na kama kuna kinachomzuia kusoma au kuishi na wenzake kwa amani tutakwenda kwa mtaalamu. Hatasubiri hadi miaka 36 kama mimi.

Kwa upande wangu nimeongeza "ki" moja: *nikisikia anaanza hadithi, nazima redio na kukaa juu ya mikono yangu.* Mikono chini ya mapaja, kihalisi. Mwili ukiwa umeshikwa, mdomo nao unachelewa kidogo.

Siku ya 50

Mara moja tu leo. Nilijishika katikati ya neno, nikamwambia endelea, akaendelea.

Siku ya 60

Mradi umekufa kimyakimya wiki hii na sikuuona ukifa.

Asubuhi 5, nimechelewa mara 4. Kulabu zipo, karatasi ipo, kiti kipo. Nilipita mbele yake kila siku. Jana binti yangu alisimama mlangoni akauliza, "Baba, karatasi yako siku hizi huioni tena?" Nikatazama, na ni kweli: imekuwa ukuta. Rangi yake, pembe yake iliyojikunja, mwandiko wangu, vyote vimezoeleka hadi vimefutika.

Hapa ndipo nilipokuwa nikiacha kila mara. Najua, kwa sababu nina madaftari 11, na nimeyafungua yote usiku huu kuangalia ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Mengi yanakoma kati ya wiki ya sita na ya tisa. Miaka yote nilisoma hilo kama ushahidi kwamba sina msimamo. Usiku huu, madaftari yakiwa yametandazwa sakafuni kama zile ripoti za mama, nimeliona kwa namna nyingine. Ubongo huu huamshwa na kipya. Kitu kikiacha kuwa kipya kinaacha kuita. Mbinu haikuwa mbovu, ilikuwa imekwisha muda wake, kama dawa kwenye chupa yenye tarehe. Mimi nilikuwa naitupa chupa na kujilaumu mwenyewe.

Kwa hiyo nimeweka tarehe za kuisha. Kila karatasi ukutani ina tarehe kwenye kona, wiki 3 tangu ilipobandikwa. Ikifika, inabadilishwa rangi, inahamishwa upande, au inaandikwa upya kwa maneno mengine, hata kama bado inafanya kazi. Hasa kama bado inafanya kazi. Karatasi ya mlangoni leo ni ya kijani na imening'inizwa kwa uzi kutoka juu ya fremu, inagonga paji la uso ukitoka.

Siku ya 73

Usingizi. Fupi tu. Wengi wetu saa ya mwili huchelewa, na mimi nikikosa usingizi kila kitu cha juu humu kinaporomoka, na dawa haizibi pengo hilo. Simu inalala sebuleni. Saa ya kengele ya kawaida iko ng'ambo ya chumba, lazima nisimame kuizima. Usiku 8 kati ya 10 nimelala kabla ya saa 5. Mke wangu anasema sipigi kelele tena asubuhi. Sikujua kwamba nilikuwa nikipiga.

Siku ya 90

Hesabu. Asubuhi za kazi ninazo kumbukumbu zake ni 58. Nimetoka kwa wakati mara 39. Kumaliza kazi moja niliyoianza: siku 51 kati ya 83 zilizoandikwa. Kukatiza na kufoka kumeshuka kutoka wastani wa mistari 9 kwa siku wiki za mwanzo hadi 4. Hizo 4 bado zinampata mtu, na mara nyingi ni watu walewale wawili.

Bili tatu zilipita tarehe. Ripoti moja kazini niliikabidhi nikiwa nimechelewa siku mbili. Jumatano na dada yangu tumekosa mara moja tu, na ni yeye aliyekuwa safarini.

Nimeanza ukurasa wa siku ya 91 kwenye daftari lilelile. Karatasi ya kijani ilitakiwa kubadilishwa siku ya 81 na sikuibadilisha. Nilipofika mlangoni jioni hii nimekuta haipo. Mahali pake pana kipande cha boksi kilichokatwa kwa umbo la samaki, kimepakwa rangi ya chungwa, kimening'inia kwa uzi uleule. Maneno matano yako pale, kwa mwandiko wa mtoto: funguo, simu, kitambulisho, daftari, dawa. Kwenye mkia ameandika tarehe ya kuisha, na pembeni ya kulabu zangu tatu kuna ya nne, iliyopigiliwa chini zaidi, usawa wa macho yake.